Aliyemchagulia Mama Mlango

Kila jioni, vikombe vikiwa bado mezani, mama yangu huchukua simu, hutoka nje, huketi kwenye ngazi ya mawe na kumpigia Mama Hadwea. Huzungumza naye mpaka bonde lote la Kerio limejaa giza. Mimi hubaki ndani na vikombe. Akirudi huniambia, "Anakusalimia," nami hujibu, "Nimezipata," kwa sauti ya mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza.

Mama Hadwea haishi tena Eldoret. Yuko kwa mwanawe Nyahururu, na nilidhani umbali ungeniponya. Umbali umemfanya awe sauti tu, na sauti haiumwi magoti, haichoki, haifungi duka. Zamani angalau kulikuwa na siku alizokuwa na shughuli zake. Sasa yuko mfukoni mwa mama yangu, saa zote.

Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, na nikalisahau. Mji mzima ulimwita kwa kazi yake. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, hadwea, na mbele yake mabati yalisimama yakiegemeana kama karata. Ndani mlinuka saruji na mafuta ya taa. Yeye aliketi nyuma ya kaunta juu ya mkebe wa rangi uliogeuzwa, sweta la kijani, kitambaa kichwani, penseli ya seremala sikioni. Mteja akianza kwa kuuliza bei, hakujibiwa. Aliulizwa, "Unajenga wapi?" Na akisema Sugoi, au Burnt Forest, au huku kwetu juu karibu na msitu, Mama Hadwea alifumba macho kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka mvua ya huko inavyonyesha. Kisha alisema, "Wacha nikuambie kitu moja," na kumwambia vitu vinne.

Mama yangu, akizungumza naye, hakumwita Mama Hadwea. Alimwita "wewe". Hilo pekee lilitosha kunifanya niache chakula. Naye alimwita mama yangu Mama Chebet, kama inavyostahili, kwa kuwa Chebet ndiye mimi, mtoto pekee. Kila siku, kwa miaka yote hiyo, jina langu lilikuwa kinywani mwake, na kila siku lilikuwa likimwita mtu mwingine.

Alikuja kwetu mwaka ule nyumba zilipochomwa Burnt Forest. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yangu ni muuguzi, sasa amestaafu, na siku zile alikuwa akifunga watu vidonda kwenye uwanja wa kanisa walikokuwa wamekimbilia. Jioni moja alirudi na mwanamke aliyeshika begi la plastiki na mkono wa mwanawe. Sisi ni watu wa hapa. Yeye alikuwa wa wale waliokuwa wakifukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Majirani walisema waliyosema. Mama aliwaambia kwamba ana sufuria kubwa na hana watu wa kuimaliza, akafunga mlango.

Mimi nilihamishiwa kwenye kochi. Mama Hadwea na mwanawe wakalala kitandani mwangu. Nilitarajia kusikia kilio kupitia ukuta, na nilikuwa tayari kumhurumia, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa. Nilichosikia ni mama yangu akicheka. Baba alikuwa amefariki muda si mrefu kabla, na mimi nilikuwa nimejaribu kila kitu: nyimbo za shule, kutembea kama padri, kuvaa viatu vya Baba. Mama hakucheka. Na huyu mwanamke, ambaye hakuwa hata na kijiko chake mwenyewe, alikuwa amemchekesha ndani ya wiki moja.

Baadaye nilijua alichokuwa akimsimulia. Nyumba yake ya Burnt Forest ilikuwa na mlango wa chuma, mzito, wa makomeo mawili. Aliporudi kutazama, nyumba yote ilikuwa imekwenda. "Mlango tu ndio ulibaki," alisema. "Umesimama hapo katikati ya shamba, umefungwa vizuri. Na ufunguo ninao kwa mfuko! Nikajiambia, sasa nifungue ama nibishe hodi?" Alisimulia hivyo hata baadaye, alipofungua duka, huku akipanga bawaba kwenye rafu, na wateja walicheka bila kujua kama wanaruhusiwa.

Ungedhani mtu kama huyo angeichukia milango ya chuma. Aliiuza kuliko mtu yeyote mjini. Iliyochorwa maua ya dhahabu, iliyochorwa simba, ya pande mbili, ya madirisha madogo ya kuchungulia. "Watu wanataka usingizi," alisema. "Mimi nawauzia usingizi." Kisha alirudi kwake, mtaa wa Kapsoya, kwenye nyumba ya kupanga yenye mlango wa mbao nyembamba, ambao mchana ulishikiliwa na jiwe na usiku na kamba. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini anavaa viatu. "Ndio nikitoka nisipoteze muda," akasema.

Alikuwa mchoyo na mkarimu kwa mkono ule ule. Hakumwazima mtu nyundo. Hata padri alipokuja kuazima nyundo alipewa kiti na soda, akaambiwa nyundo zipo za kuuza. Lakini nilimwona akimpakilia mjane mmoja mabati kwenye mkokoteni, akimfokea asishukuru kwa sauti kubwa, watu watasikia na watakuja foleni. Aliudanganya umma kuhusu rangi ("Hiyo imeisha nchi nzima") ili mtu anunue ile iliyokuwa imekaa dukani. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya pili, macho yamefumbwa.

Alipoalikwa nyumbani kwa mtu, hakuanza kwa hodi. Alisukuma mlango kidogo, akausikiliza, akaurudisha, akausikiliza tena. Ndipo alipobisha. Mara moja alituchukua mimi na mama hadi Elgon View, mtaa wa matajiri, kwenye sherehe ya nyumba mpya ya mfanyabiashara mmoja. Mlango ulikuwa wa chuma, mrefu kuliko wa kanisa letu, na simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma. Mwenye nyumba alitupokea akitabasamu.

"Hii mlango inaogopa nani?" Mama Hadwea akamuuliza.

"Mama, si ni wewe uliniuzia!"

"Nilikuuzia. Sikukuambia uogope."

Mama yangu alilazimika kwenda kusimama bustanini mpaka kicheko kimwishe. Nilimfuata. Aliponiona alijifuta macho na kusema, "Umemsikia?" kama mtu anayeonyesha ushanga wake mpya. Nilimsikia. Nilikuwa na la kusema kuhusu simba wale pia, nililifikiria njia nzima ya kurudi, na lilikuwa zuri. Hakuna aliyeuliza.

Halafu ikaja nyumba yetu.

Mama alikuwa na kipande cha ardhi huku juu, upande wa Kaptagat, pale uwanda wa Eldoret unapokatika ghafla na bonde la Kerio kuanza chini ya miguu yako. Alisema akistaafu atahama mjini ajenge hapo nyumba ndogo ya mlimani. Alilisema hilo tangu nikiwa na meno ya maziwa. Mimi niliichora nyumba ile kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipokwenda Nairobi, nikaingia katika kundi la vijana wa riwaya na mashairi, wote wenye maoni makali na viatu vilivyochakaa, nilikuwa nikiwaeleza nyumba hiyo kana kwamba imesimama: mawe chini, magogo juu, mlango mkubwa unaofunguka kuelekea macheo. Ilikuwa kazi yangu bora, na haikuwa hata na msingi.

Mama alipopata mafao yake alinipigia simu. "Chebet, tunaanza." Nilipanda gari siku hiyo hiyo. Nilikuwa na michoro, picha kwenye simu, na vipande vya mbao kwenye mkoba. Nilivitandaza mezani. Mama alivitazama vyote, kimoja kimoja, kwa heshima. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko salamu:

"Basi ngoja tumuulize Mama Hadwea."

Nilitaka kitu kimoja tu, nitakisema wazi. Nilitaka mama yangu aniulize mimi, na jibu langu litoshe.

Tulikwenda dukani. Mama Hadwea alivaa miwani, akaishika simu yangu kwa mbali kama mtu anayeshika samaki. Nilikuwa nimechagua kuta za mabanzi, zile mbao za pembeni zinazobaki magogo yakipasuliwa, zikiwa na maganda yake ya mti, kahawia na yenye mikunjo. Pichani nyumba ilionekana kama imeota yenyewe.

"Chebet, wacha nikuambie kitu moja. Hii ni picha. Kwa picha hakuna dudu."

"Mbao zinapigwa dawa siku hizi, Mama Hadwea."

"Maganda ya mti ni blanketi ya dudu. Wewe unalala ndani, dudu inalala kwa ukuta, asubuhi nyote mmeamka mmeshiba."

Mama aliegemea kaunta kwa kicheko.

"Yakimenywa," nikasema, "nyumba itafanana na kibanda cha polisi."

"Na polisi analala vizuri. Mvua haijui umesoma, mrembo."

Mabanzi yakamenywa. Yakapakwa oili chafu ya gari, mara tatu, na Mama Hadwea mwenyewe alipanda hadi huku juu na brashi ili kuonyesha mafundi namna ya kuisukuma oili ndani ya nyufa. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia. Jioni ile jua lilipogusa ukuta, mbao zikawa na rangi ya asali iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Nilisimama nikaitazama rangi ile kwa uchungu ambao sijawahi kuuona vitabuni. Ilikuwa nzuri, na haikuwa yangu.

Kwenye mawe nilishinda. Yeye alitaka ya mashine, yaliyonyooka, ya pembe nne. Mimi nilitaka mawe yaliyokuwa yamelala shambani mwetu, ya kijivu, ya mviringo, yenye kuvu ya rangi ya limau. Tulibishana mbele ya mama mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama alisema, "Hiyo ya mawe mwachie Chebet," vile mtu anavyokata kipande cha unga na kumpa mtoto achezee wakati watu wazima wanapika chapati. Hata hivyo nilishinda. Lakini Jumamosi iliyofuata Mama Hadwea alifunga duka, akaja na gambuti, akashinda siku nzima akigeuza jiwe moja baada ya lingine, akiwaambia mafundi lipi litazame nje. "Kila jiwe iko na uso," alisema, "na mengine iko na uso mbaya." Leo wageni wakiusifu ukuta, mama husema, "Huo alipanga Mama Hadwea." Ndivyo alivyokuwa. Ukimshinda, alikusaidia kushinda, mpaka ushindi wenyewe ukawa wake.

Ikabaki mlango.

Lazima nieleze jinsi mahali pale palivyokaa. Barabara inatoka mjini, kwa hiyo inafika kwenye kiwanja kutoka magharibi. Bonde liko mashariki. Watu wa kwetu, tangu nyumba za nyasi, huelekeza mlango jua linakochomoza. Bibi yangu alikuwa akitoka asubuhi, anasimama mlangoni, anatema mate kidogo kulielekea jua na kuomba siku iwe tamu. Sikuomba tena hivyo, lakini nilitaka mlango uangalie huko. Hapakuwa hata na haja ya kuchagua baina ya mila na uzuri. Bonde lote lilikuwa pale, na ukungu wake wa asubuhi.

Mama Hadwea alisimama katikati ya msingi, mikono kiunoni, na kutazama barabara.

"Mlango uwe hapa," akasema, akionyesha magharibi.

"Huko ni nyuma," nikasema.

"Nyuma ni wapi? Watu wanatokea huku. Mtu anakuja kukuona anakutana na mgongo wa nyumba, atadhani umemkasirikia."

Hiyo ilikuwa akili ya duka. Maisha yake yote alikuwa ameketi akiangalia anayeingia. Kwake mlango ulikuwa kitu cha kuleta watu, na jua halikuwahi kununua hata msumari. Nilimwambia mvua ya alasiri hutokea upande huo huo, kwamba itaupiga mlango uso kwa uso kuanzia mwezi wa nne. Alisema tutaweka baraza. Nilimwambia kuhusu bibi. Kwa kuwa wafu wa watu wengine aliwaheshimu, alimtazama mama.

"Mama Chebet, nyumba ni yako."

Na mama yangu, binti wa bibi yule, alisema, "Jua nitaliona dirishani. Mlangoni nataka kuona watu."

Nilishuka hadi kwenye ukingo wa bonde nikakaa huko na mbuzi wa jirani. Niliposikia wakicheka juu, nilijua hawanicheki mimi. Ningependa wangekuwa wananicheka mimi.

Nilijaribu mara ya mwisho kwenye mbao. Kulikuwa na nguzo za mutarakwa, mwerezi wa huku juu, za ua wa zamani, zilizosimama shambani kwenye mvua tangu kabla mama hajanunua, ngumu kama mfupa. Nikasema zipasuliwe zitengeneze mlango. Mti uliokwisha kulowa na kukauka miaka yote hiyo hauna tena cha kujifunza kutoka kwa mvua. Mama Hadwea alishtuka kikweli.

"Posti za ng'ombe? Kwa mlango wa mbele? Mama Chebet, watu watasema nini?"

Yeye, aliyefunga mlango wake kwa kamba! Lakini kwa mama yangu hakutaka kamba. Alitaka mlango ambao mtu akiuona kutoka barabarani ajue humo anakaa mtu anayependwa. Akaagiza mbao nzito nyekundu kutoka upande wa Meru, zikafika dukani, zikalazwa uani.

Alikuwa na njia yake ya kupima mbao. Aliinama, akalaza shavu lake juu ya ubao, akatulia, kama daktari anayesikiliza kifua. Mbao mbichi, alisema, ni baridi shavuni hata ukiificha. Kavu ina joto la mkate wa jana. Nilimwona akifanya hivyo kwa ubao wa mlango wetu, adhuhuri, jua likiwa limeuchoma uani tangu asubuhi. "Imekauka," akasema. "Mama Chebet, kuja usikie." Mama yangu akainama, akaweka shavu lake upande wa pili. Vichwa viwili, kitambaa cha buluu na mvi za mama, juu ya ubao mmoja mwekundu, macho wamefumba. Hawakuniita. Mahali pa shavu la tatu palikuwepo.

Mlango ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mpana, wa mbao zilizosimama wima, kitasa cha chuma cheusi kilichofuliwa na mhunzi. Mama alihamia mwezi wa kwanza, wakati wa jua kali, na mlango ulifunguka kwa kidole kimoja. Mwezi wa nne mvua ikatoka magharibi kama nilivyosema. Baraza ilikuwa fupi. Mlango ukaanza kulalamika. Mwezi wa tano ukahitaji bega. Mwezi wa saba mama akaniambia kwenye simu, akicheka, kwamba nyumba yake sasa ina tabia. Sikucheka. Nilikuwa na furaha chafu inayonata, ya mtu aliyekuwa na haki, na nilisubiri siku ya kuidai.

Siku hiyo ilifika mwezi wa nane. Nilikuwa nimekuja Eldoret bila kumwambia, nikampigia kutoka mjini, mvua ikiwa imeanza.

"Uko wapi, Mama?"

"Niko ndani. Mlango umevimba kabisa, haufunguki."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Mbona hukunipigia?"

"Nimempigia Mama Hadwea. Yuko njiani."

Mtu aliyeharibu ndiye aliyeitwa. Nilikodi pikipiki, nikapanda mlima nikiwa nimefunikwa nailoni, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka wote wawili wawepo nitakapoyasema. Tulikuwa tumeshapita msitu nilipokumbuka kwamba nyumba ile ina mlango wa jikoni.

Niliacha pikipiki barabarani, nikatembea. Kwenye baraza, chini ya mwavuli, Mama Hadwea alikuwa ameketi kwenye ngazi, mgongo wake ukiuegemea mlango, randa mapajani. Mvua ilikuwa ikimpiga magotini. Alikuwa akizungumza na mbao zilizo nyuma yake. Nilisimama kwenye kona ya ukuta wa mawe. Hakuniona.

"Hii mlango ni makosa yangu, Mama Chebet."

Sauti ya mama ilitoka ndani, chini, karibu na sakafu. "Ni mvua."

"Wacha mvua. Mvua nilikuwa najua. Hiyo mbao niliishika ikiwa kwa jua. Na upande. Chebet alisema upande wa jua, mimi nikasema barabara. Mtoto alikuwa na haki."

"Alikuwa na haki," mama akasema.

Ndilo neno nililokuwa nimelifuata mlima mzima. Lilikuwa limesemwa, na mama yangu, kwa sauti yake mwenyewe. Nikasubiri lifanye kazi ndani yangu. Mvua ilikuwa ikiingia shingoni.

"Unajua mimi namwonea wivu?" Mama Hadwea akasema.

"Nani? Chebet?"

"Eeh. Yule anaweza kukosea. Akikosea, ni mtoto wako amekosea, kesho ni mtoto wako tu. Sasa mimi nimekaa hapa na randa kama fundi amefukuzwa, najiuliza. Nikikosea mlango, mimi ni nani yako?"

Nadhani nililisubiri lile jibu kuliko alivyolisubiri yeye.

"Unaondoka lini?" mama akauliza.

"Jumamosi. Kijana wangu amesema atakuja na pikapu."

"Na duka?"

"Nimeshampatia mwenye kuuza rangi pale karibu. Magoti yamekataa, Mama Chebet. Nifanye nini?"

Hilo sikuwa nimeambiwa. Nilizunguka nyumba kwa upande wa bonde, nikishika ukuta. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umeshikiliwa na ndoo, na kuku wawili walikuwa ndani wakikwepa mvua. Nikapita jikoni, nikafika sebuleni. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo mlangoni, miguu ameinyosha mbele kama msichana. Hakushtuka kuniona. Alinitazama tu, macho yamejaa machozi.

"Mama Chebet?" sauti ikaita kutoka nje. "Umenyamaza."

Mama aliendelea kunitazama, kana kwamba mimi ndiye ningeweza kujibu. Nilimshika mkono akasimama. Nikashika kitasa kwa mikono miwili.

"Mama Hadwea, sukuma!"

"Wewe ni nani?"

"Chebet!"

"Umepitia wapi?"

"Jikoni!"

Kisha, "Kumbe kuna mlango huko," akasema, naye ndiye aliyeuchagulia mlango huo bawaba.

Mimi nilivuta, yeye akasukuma kwa bega, tukahesabu, tukavuta tena, mbao zikalia, na mlango ukafunguka kwa ghafla ukamwingiza Mama Hadwea ndani pamoja na mwavuli, randa na mvua yote. Aliniangukia kifuani. Alikuwa mwepesi. Miaka yote hiyo nilimdhania mzito. Nilimshika mpaka magoti yake yakakumbuka kazi yao.

Mama alikuja mbio na leso. Alinipita, akamfuta Mama Hadwea uso, paji, mashavu, chini ya kidevu, polepole, kama anavyofuta mgonjwa. Mama Hadwea alifumba macho akaachia. Nilisimama nikishika kitasa.

"Chebet," mama akasema bila kugeuka, "funga huo mlango, baridi inaingia."

Mama Hadwea alifumbua macho. Alinitazama juu ya leso, kisha akamtazama mama, na alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri naye aambiwe kitu: alete kuni, aweke maji, atoe kuku. Mama alimwambia, "Wewe kaa hapa karibu na moto. Pumzika."

Akakaa, mikono mapajani, kama mgeni.

Niliusukuma mlango. Haukufika mwisho. Niliusukuma tena, nikageuka nikauegemea kwa mgongo, visigino nimevikaza sakafuni, na upepo wa magharibi ukawa unanisukuma kutoka upande wa pili. Nilikaa hivyo mpaka chai ikaiva. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, vichwa pamoja, na sikusikia hata neno moja. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.